Nilisema Hakuna Shida

Ikishapiga saa mbili asubuhi sinywi tena maji. Hiyo ilikuwa sheria yangu kwa miezi mitatu na zaidi, na hapana aliyeijua ila mimi na Mola wangu. Alfajiri chai kikombe kimoja, tena si kamili, na mkate wa mofa mkavu. Mamangu akinitazama ninavyoutafuna huku nalikodolea macho birika, akiniuliza, "Mwanangu, wafunga?" Nami namjibu nafunga sunna. Astaghfirullah. Uongo nimesema mwingi maishani, lakini ule wa kusingizia funga nisiyoifunga ndio ninaouombea toba mpaka leo.

Sababu ya yote hayo ni ngazi. Nilikuwa nimeajiriwa kuendesha taa katika nyumba ya sanaa, Mji wa Kale: nyumba ya mawe ya zamani, ambayo wenyewe wamehamia mbali wakaikodisha kwa watu wa michezo ya kuigiza. Ukumbi uko juu. Mtambo wa taa uko juu. Choo kiko chini, nyuma ya ua. Baina yake kuna ngazi kumi na tisa za mawe, nyembamba, zimelika katikati, moja fupi moja ndefu, wala hazina pa kushika. Na mimi miguu yangu haijanibeba tangu niugue polio nikiwa na miaka minne. Pahali palipo sawa nasogea kidogo kwa magongo, na njiani nakaa kwenye kiti changu cha magurudumu. Ngazini mimi ni mzigo tu.

Mbebaji wangu alikuwa kakangu, anayeendesha tuktuk pale Makadara. Kila asubuhi hunileta, huinama mbele yangu, hunitia mgongoni vile vile alivyokuwa akinibeba kwenda chuo cha Kurani tulipokuwa wadogo, akipanda huku ananichokoza: "Lo! Gunia la mchele limepanda leo!" Nami humpiga kofi la kisogo. Akishaniweka kwenye kiti changu cha juu, hurudi kutafuta abiria, na hatumuoni tena mpaka jioni. Baina ya asubuhi na jioni hapana wa kunishusha. Waigizaji wanaume wapo, tena vijana wema, lakini si maharimu zangu, na mimi mwanamke mzima sitaki kushikwa mapaja na kila mwenye huruma. Kwa hivyo sinywi maji. Hesabu yenyewe ni rahisi, mtu hahitaji kwenda shule.

Msidhani hakuna kilichofanywa. Mlangoni palijengwa mteremko wa saruji ili viti vya magurudumu viruke kizingiti, ukapakwa rangi ya buluu, ukapigwa picha. Mteremko mzuri, hauna ila. Ukishaupanda unakufikisha moja kwa moja mpaka chini ya ngazi kumi na tisa. Na kwa kuwa ni sisi watu wa Mji wa Kale, ambao tukiona ukingo wowote ukutani twaukalia, haukupita mwezi ule mteremko ukageuka baraza. Wazee wakiketi hapo alasiri na vikombe vyao vya kahawa, na kila nikitokea mimi huinuka wote, "Karibu mwanangu, pita, wa nyumbani hawajambo? Mama hajambo? Kakako hajambo?" mpaka nimeshachelewa, na kakangu jasho lamtoka. Sikuweza hata kukasirika. Utamkasirikia vipi mtu anayekuombea dua?

Kazi nilikuwa naipenda, na hili nalisema wazi. Taa nilijifundisha kwenye harusi. Binamu yangu alikuwa akikodisha taa na vipaza sauti, nami nikikaa nyuma ya ukumbi nikimwendeshea, kwa sababu ni kazi ya kukaa na yataka jicho. Nikajua kwamba mwanga wa bibi harusi si mwanga wa mpishi, na kwamba ukiuchelewesha kidogo kupanda, watu hunyamaza wenyewe bila kuambiwa. Pale kwenye nyumba ya sanaa nilikuwa na vishikio kumi na viwili vidogo vya kupandisha na kushusha, na nikivigusa, mtu akilia jukwaani na watu wote wakimuona analia. Nani angeniondoa hapo?

Meneja angeniondoa, tena kwa wema. Yeye ni mtu wa bara, Mkristo, mpole sana, mwenye adabu kuliko baadhi yetu tuliozaliwa hapa. Wiki ya pili tu aliniona nimefumba macho mgongoni mwa kakangu, akaniambia, "Dada, ukichoka na hizi ngazi usione haya. Mlangoni pana kazi ya kukatia watu tikiti." Alisema kwa huruma ya kweli. Mimi usiku ule sikulala. Nikajua kumbe kiti changu kina mlango wa nyuma, na siku nitakayonung'unika ndiyo siku nitakayoonyeshwa. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi minne. Nikaapa kwamba kwa miezi minne hiyo hatasikia kutoka kwangu neno ngazi wala neno choo.

Mwezi wa pili nikashikwa na homa na kiuno kikaniuma, siwezi hata kugeuka. Daktari wa zahanati akaniuliza nanywa maji kiasi gani. Nikamwambia ya kutosha. Akaandika dawa, akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Mkojo wako hausemi hivyo." Nikameza dawa siku saba, nikarudi kazini, na sheria yangu ikabaki pale pale.

Sasa sikizeni kosa lenyewe. Zilikuwa zimebaki siku kumi majaribio yangu yaishe. Jumanne meneja akatuita sote ukumbini, uso umechangamka. Akasema wafadhili wanakuja Jumamosi, na siku hiyo tutafanya onyesho la watu wote: tutaalika wageni watatu wenye ulemavu wa miguu, watu wa mtaani ambao hawajawahi kuona mchezo wa kuigiza, nao watapandishwa mpaka juu wakae na wenzao. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye mtaalamu wetu," akasema. "Kuna shida yoyote ya wageni kama hao kupanda huku?"

Watu wote wakanitazama. Neno lilikuwa pale pale, mbele ya meno: choo. Neno fupi, hata mtoto hulisema. Nikaona nikilisema, swali la pili litakuwa, "Kwani wewe hufanyaje?" na la tatu litakuwa lile la kukata tikiti.

"Hakuna shida," nikasema. "Mimi si napanda kila siku?"

Wakacheka. Meneja akapiga makofi mara moja, akasema, "Basi!" Ikawa imepita hivyo. Tangu saa ile mpaka Jumamosi nilikuwa najiambia, ni saa moja na nusu tu, watu wazima hao, watajizuia. Kisha najijibu, wewe uliyezoea wajizuia kwa homa na dawa. Nikamwambia kakangu, ambaye ndiye aliyetumwa kuwaalika na kuwaleta kwa tuktuk yake, awaambie wasinywe sana. Akanishangaa. "Niwaambie wageni wasinywe? Ala! Watatuonaje?"

Jumamosi ikafika. Onyesho lilikuwa lianze saa kumi, baada ya swala ya alasiri, limalizike saa kumi na moja na nusu, ili watu wawahi magharibi bila kukimbizana. Mimi nilipandishwa mapema. Kutoka kwenye kiti changu nasikia kila kitu cha chini, nisichokiona nakisikia.

Wageni wawili walikuwa wanaume. Hao walipandishwa mgongoni upesi upesi. Wa tatu alikuwa bibi mmoja kutoka Majengo, wa miaka sabini hivi, aliyevunjika nyonga na mfupa haukuunga vizuri. Huyu hakuna wa kumgusa. Kiti chake cha magurudumu kikijaribiwa ngazini hakiingii. Basi likapatikana wazo: akalishwe kwenye kiti cha mbao cha ofisini, chenye mikono, avikwe leso mpaka miguuni, na wanaume wanne washike kila mmoja mguu wa kiti.

Subhanallah, hapo ndipo nilipousikia uchochoro mzima ukiinuka. Mwajua mambo yetu. Mtu akibebwa kwetu kila mmoja ataka bega lake liwemo. "Niachie mguu huu!" "Wewe umeshabeba wawili, nasi tupate thawabu!" "Bismillah! Inua!" "Kichwa! Angalia kichwa!" Nikasikia kiti chagonga ukuta, na watu wote "Yarabi!" Kisha ikaja sauti ya bibi mwenyewe, nyembamba, imejaa mzaha:

"Jamani, mwanigombania kama jeneza na mimi mzima! Hata maiti huoshwa kwanza."

Uchochoro ukaangua kicheko. Alipofika juu uso wake ulikuwa unang'aa, wabebaji wake wakipanguza jasho na kupeana mikono kama waliofunga bao. Pahali pa kiti kile hapakuwapo ila kando ya ukuta, ubavuni pangu. Akawekwa hapo, magoti yetu karibu yagusane. Alikuwa amevaa leso mpya, bado ina ugumu wa dukani.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe wewe?" Akanitazama miguu, akanitazama mtambo, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mashallah. Mashallah."

Mara ikapita sinia ya sharubati ya ukwaju. Mgeni kwetu hakai mkono mtupu. Bibi akachukua bilauri, akaimaliza. Joto lilikuwa kali na madirisha yamefungwa kwa vitambaa vyeusi ili taa zionekane. Akapewa ya pili. Wallahi nilitamani kumpokonya mkononi. Nikajifanya nakagua waya.

Kisha hotuba. Meneja, mfadhili wa kwanza, mfadhili wa pili, shukrani za shukrani. Mchezo ulipoanza ilikuwa imekaribia saa kumi na moja. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, juu ya mume aliyeoa mke wa pili kwa siri na mke wa kwanza akaalikwa harusini kama mgeni. Bibi akicheka kwa mwili mzima, akinipiga paja, "Huyo! Muone alivyo!" Na mimi nikicheka naye, nikasema moyoni, haya, Mungu ametusitiri.

Halafu nikaona ameacha kucheka.

Wengine wote wanacheka, yeye ametulia, ameshika mikono ya kiti. Akaniinamia. "Mwanangu, choo ki wapi?"

"Chini, bibi," nikanong'ona. "Hebu vumilia kidogo, yakaribia kwisha."

Haikuwa imekaribia kwisha. Nilikuwa na karatasi ya mpangilio mbele yangu, naona kurasa zilizobaki. Baada ya muda akaniinamia tena, akasema tu, "Mwanangu." Nikamwambia, "Bado kidogo." Mara ya tatu alinishika mkono juu ya kiwiko, akaukaza.

Hapo ningeweza kusimamisha mchezo. Hili nimejiambia mara nyingi na sitaki kujisamehe upesi. Vishikio vyote vilikuwa mkononi mwangu. Kupandisha taa za ukumbi na kusema, "Samahani, tuna mgeni ataka kushuka," ni kazi ya kufumba na kufumbua. Wafadhili walikuwa safu ya mbele, na mpiga picha amepiga goti pembeni. Nikafuata karatasi yangu. Nikapandisha ya manjano, nikashusha ya buluu, na mkono wa bibi uko juu ya kiwiko changu.

Mchezo ulimalizika pamoja na adhana. Makofi hayajaisha, watu wameshaanza kuinuka. Wanaume wakashuka mbio kuwahi magharibi, wakawachukua wale wageni wawili mgongoni njiani, na wale wanne wa kiti wakapita mbele yetu wanakunja mikono ya kanzu kwa ajili ya udhu. "Bibi, twaswali twarudi sasa hivi!" Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Swala ina wakati wake. Lakini saa za onyesho zilipangwa ili kila mtu aiwahi magharibi, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliyepandishwa na watu wanne hashuki na hewa. Hata mimi niliyejua sikusema.

Wanawake walikuwa wanatoka mmoja mmoja, ngazi ni nyembamba. Nikamwambia bibi, "Nitamwita mtu," nikageuka nitafute mwanamke wa kutuletea ndoo. Aliuachia mkono wangu. Nikajua. Sikutazama mara moja. Nilipotazama, leso ile mpya ilikuwa imebadilika rangi, na sakafuni chini ya kiti palikuwa panalowa taratibu.

Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kazi yangu. Nikazima taa zote za upande wetu. Giza likatufunika, ikabaki taa moja ya ngazini ili watu washuke. Wanawake wakalalamika, "Taa jamani, twakanyagana!" Nikavua mtandio wangu wa juu, nikamtandikia mapajani. Yeye alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya buibui lake. Tukakaa hivyo, wawili sisi, tusioweza kwenda popote, mpaka ukumbi ukawa mtupu na sauti ya imamu ikawa inasikika vizuri kabisa kutoka msikitini. Nilimwambia, "Nisamehe, bibi."

Kakangu alirudi na wenzake watatu. Akafika mlangoni, akataka kuleta mzaha wake, akatuona, akaumeza. Akaongeza leso yake ya begani juu ya mtandio wangu, akasema kwa upole, "Bismillah, bibi, tushuke." Safari hiyo hapana aliyegombania mguu wa kiti. Akampeleka kwao Majengo, kisha akaosha kiti cha tuktuk mwenyewe, ndipo akaja kunichukua mimi.

Meneja alinipigia simu usiku. "Imefana, dada! Picha zimetoka vizuri mno!" Nikasema alhamdulillah. Nilipokata simu nikalia mpaka mamangu akagonga mlango.

Jumapili nikamwambia kakangu anipeleke Majengo. Njia nzima nikitumaini kwamba bibi hayupo, ajabu ya mtu anayekwenda kuomba msamaha. Alikuwapo. Alikuwa chumbani, ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, ungo wa mchicha mapajani.

"Karibu, pita na kiti chako," akasema. Mlango ulikuwa mpana kuliko milango yote ya nyumba ile, saruji yake ya pembeni bado mpya. Akaona ninautazama. "Nilipovunjika nyonga nikamwita fundi avunje na mlango. Nyonga haikuunga, lakini mlango wanifaa."

Kakangu akasalimu, akatoka nje. Sikuweza kuanza kwa mbali. Nikamwambia hapo hapo kwamba Jumanne niliulizwa mbele ya watu kama kuna shida ya kupanda juu, na mimi nilijua kwamba ipo.

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakuna shida."

Vidole vyake viliendelea kuchambua, jani na kikonyo, jani na kikonyo.

"Na wewe mwenyewe wafanyaje ukishikwa?" akauliza.

"Sinywi maji."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

Akauweka ungo chini. "Mombasa hii? Joto hili? Wewe mtu au ngamia?" Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio, nikalia mbele yake kwa kwikwi kama mtoto aliyepigwa. Aliniacha nilie. Kisha akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi aibu yangu imekwisha jana, wewe yako waitunza ya nini?"

Ningefurahi angeishia hapo. Hakuishia.

"Wajua kilichonitoa hapa?" akasema. "Kakako alipokuja kunialika nilimkatalia. Nyumba za mawe nazijua, ujanani nimefua nguo za watu huko, ngazi zake nazijua moja moja. Nikamwambia, baba, mimi siendi kujiadhirisha. Akanambia, 'Bibi, dadangu miguu yake ni kama yako, na yuko juu kutwa, kila siku.' Ndipo nikatuliza moyo. Nikasema, ikiwa msichana wa watu akaa kutwa, basi choo kipo." Akauchukua ungo wake tena. "Nikanunua leso."

Nilidhani nilikuwa nikificha jambo langu mwenyewe, la mwili wangu mwenyewe, kumbe kila siku niliyokaa juu na kiu nilikuwa natoa ushahidi wa uongo.

Jumatatu asubuhi nilikunywa chai vikombe viwili vizima, mamangu akasema kumbe leo hufungi. Tukafika kazini, kakangu akanishusha, akanisukuma juu ya mteremko, akainama mbele ya ngazi kama kawaida.

"Haya, gunia."

"Sipandi."

Akageuka. "Waumwa?"

"Siumwi. Niitie meneja."

Alinitazama kitambo. Majaribio yangu yalikuwa yaishe Ijumaa, naye alijua, kwa sababu nimemhesabia siku hizo tangu mwanzo. Akapanda. Juu nikasikia waigizaji wanafanya mazoezi ya sauti, kisha wakanyamaza. Mikono yangu nikaikalia, maana ilikuwa inanionyesha hofu. Meneja akashuka nusu ya ngazi, akasimama, mkono mmoja ukutani.

"Dada, kuna nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya bibi, sharubati na taa nilizozima, nikamwambia habari ya maji na homa na uongo wa sunna. Sikupamba. Aliponiuliza kama yule bibi alirudi nyumbani hali ile, nikasema ndiyo, na kakangu ndiye aliyeosha kiti. Meneja akakaa pale pale ngazini na suruali yake safi.

"Mbona hukuniambia?" akasema. Sauti yake ilikuwa na uchungu, na kidogo ya hasira, tena haki yake. "Nilikuuliza mbele ya wote."

"Nilikuwa naitaka kazi."

"Na sasa?"

"Sasa pia naitaka. Lakini sipandi."

Akasema ukumbi ni huo mmoja, wenye boriti zake nzuri, wafadhili waupenda. Nikamuonyesha ua nyuma yangu, ulio sawa, mpana, una kamba za nguo na masufuria. Akasema ua ni wa kuanikia. Nikasema nguo zaweza kuanikwa juu, nguo hazina haja ya choo. Kakangu akakohoa kuficha kicheko. Meneja akautazama ua muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama chumba anachokijua baada ya fanicha kuondolewa.

"Tujaribu leo tu," akasema mwishoni. "Mazoezi peke yake. Mengine tutazungumza Ijumaa."

Ijumaa. Ndiyo siku ya barua ya kuthibitishwa kazini. Lakini nilikuwa nimeshasema, na maneno hayarudi. Akamtuma kakangu juu akaulete mtambo wa taa. Nikasogeza kiti pembeni kuwapisha, nikingoja kelele za "Inua!" na "Angalia kichwa!" kwa kuwa miezi yote ile sikuwahi kuuona ukiinuliwa, nilikuwa nikiukuta pale ulipo na mimi ndiye nikibebwa kuufuata. Kakangu akashuka peke yake. Mtambo alikuwa ameubana kwapani kama mkate, na mkono wa pili ameshika simu sikioni, anamwambia abiria wake wa Makadara asiondoke, yuaja sasa hivi.